Mshale wa Pili Ubaoni

"Futa ile flèche," profesa aliniambia, akiuonyesha mshale wa pili niliouchora ubaoni.

Alikuwa akitufundisha kinga ya mwili pale chuoni, Lubumbashi, nami nilikuwa mwanafunzi wa udaktari. Bila somo lake hakuna kupanda mwaka. Katika mtihani wa mdomo aliniuliza seli dendritiki zinatoka wapi. Hizo ni seli zenye matawi. Hukaa kwenye ngozi na mapafu, na zikinasa kipande cha kijidudu hukipeleka kwenye tezi, ili askari wengine wa mwili wakione na kumjua adui. Nilichora mishale miwili. Wa kwanza ulitoka kwa monositi, aina moja ya seli nyeupe za damu, kama ilivyosema syllabus yake, kitabu cha somo cha fotokopi. Wa pili ulitoka ndani ya uboho wa mfupa, kwa seli mzazi ambayo kazi yake ni kuzaa seli hizo tu. Watoto wake hutoka humo hawajakomaa, husafiri na damu, na hukomaa huko wanakofikia.

"Mu syllabus banaandika nini?"

"Zote zinatoka kwa monositi, Professeur. Lakini si zote. Monositi inazalaka zingine, zaidi kama kuko inflammation, mwili unavimba. Zile za kila siku ziko na mama yabo."

"Weye njo utanifundisha?"

Hasira ilinipanda. Mimi nimezaliwa mtaa wa Bel-Air, hapahapa Lubumbashi, na baba yangu kazaliwa mji huuhuu, lakini kwa kuwa babu alitoka mkoa wa Kasai, hadi leo naulizwa kwetu ni wapi. Mambo ya nani katoka wapi siyachezei. Ukimkuta mtoto anakula bukari, ugali wetu, kwa mjomba, usiseme mjomba ndiye aliyemzaa. Nilijibu kwa sauti ya juu kwamba mshale ule ni wa kweli, nikaweka chaki mezani, sikufuta kitu.

Alinipa saba juu ya ishirini, nikawa nimeanguka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya msema kweli, naongeza mimi, ina deuxième session, mtihani wa marudio.

Nyumbani baba alifoka. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwake mwalimu habishiwi.

"Enda uombe pardon! Mu deuxième session uandike vile anapenda, upite. Ya kwako utaisema kisha."

Nilikwenda. Niliomba radhi kwa sababu nilipaza sauti, maana kweli nilipaza. Kwa ajili ya mshale sikuomba.

Septemba swali lilikuwa lilelile, safari hii kwa maandishi. Jibu la kupita nililijua, lilikuwa sentensi moja tu. Niliogopa kuanguka tena, lakini sikutaka kusema uongo. Mwishowe nikaandika asili zote mbili, na chini ya maneno "si zote" nikapiga mstari mnene hadi karatasi ikatoboka.

Matokeo yalipobandikwa, baba alikuja nami. Alishuka na kidole kwenye orodha mpaka akafika kwangu: kurudia mwaka. Mabega yake yalilegea. Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu.

"Lakini ile uliandika," aliniuliza polepole, "ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, Papa."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Basi, tutarudilia mwaka," alisema kwa sauti yake ya darasani, na watu wote waliokuwa pale ukutani wakageuka.