Pipa la Bluu la Mama Lemayian

Kilichonitoa Kitengela Jumamosi ile ni pipa. Kiwanda fulani, ambacho sitakitaja, kilimpa mwenye lori mmoja kazi ya kupeleka mapipa matupu ya dawa ya kuua wadudu yakachomwe. Sheria inataka pipa la namna hiyo litobolewe kwanza, lisije likabeba kitu kingine tena. Mwenye lori akaona, hasara ya nini? Akayauza jalalani yakiwa mazima. Mimi ni mkaguzi wa mazingira wa kaunti, na kazi yangu ni kufuata takataka za watu mpaka pale zinapolala. Mengi tulikuwa tumeshayarudisha. Lilibaki moja tu, ambalo kijana aitwaye Lemayian, anayechambua plastiki pale jalalani, alikuwa amelinunua akamtumia mamake ng'ambo ya Bisil. Lemayian mwenyewe alijificha aliposikia tunauliza, lakini wenzake walinieleza kwao ni wapi.

Asubuhi dereva wetu alikuwa kwenye matanga kwao, kwa hivyo nikashika pikapu mwenyewe. Nikapakia nyundo, msumari mrefu, sururu na jerikeni mbili za maji. Nikafunga nyumba. Hakukuwa na mtu wa kumwambia naenda wapi. Marehemu mzee wangu, baba watoto, alikuwa na tabia moja: nikisafiri, hata kama ni kufika Rongai tu, lazima apige simu. "Umefika?" Ilikuwa inaniudhi, nawaambia kweli! Nilikuwa namjibu kwa ukali, nimefika, kwani ningepotelea wapi? Sasa watoto wako Eldoret na maisha yao, na simu yangu huwa inalala kwenye dashibodi kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho.

Nilipopita Isinya, jua lilikuwa limeshapanda na upepo wa tambarare unasukuma gari pembeni. Huko mifuko ya plastiki imenasa kwenye miiba ya ua wa waya, kilomita baada ya kilomita, na mimi kila nikiipita najisikia kama mtu aliyeachiwa nyumba chafu na wageni walioenda zao. Mtu wa kazi yangu hafurahii safari. Wengine wanaona twiga, mimi naona chupa.

Kajiado mjini nilisimama ofisini kuacha habari kwamba naingia ndani. Jumamosi hakuna mtu, ni askari wa geti peke yake.

"Madam, unaenda huko peke yako?" akaniuliza.

"Na nani mwingine?"

Akacheka, nami nikacheka, halafu nikarudi garini nikakaa kidogo kabla ya kuwasha. Swali lenyewe lilikuwa la kawaida tu. Lakini lilinifuata mpaka nilipoacha nyumba za mji.

Bisil nilimpigia chifu, akanielekeza kwa simu: niache lami, nivuke korongo la mchanga, niulize boma la Mama Lemayian, kila mtu analijua. Nilivuka korongo. Wa kuuliza hakuwepo. Kulikuwa na mawe, migunga, na barabara iliyokuwa inagawanyika kila mara kama haijaamua. Nilipotea mara mbili, nikajitukana kwa Kibukusu kwa sauti kubwa, maana hapo hata ukitukana nani atasikia?

Saa sita hivi nikaliona boma: nyumba mbili za mabati, zizi la miiba, na kando ya mlango wa nyumba ndogo, kwenye kivuli, pipa la bluu. Lilikuwa limefunikwa kwa shuka jekundu safi, na juu ya shuka kikombe kimeinamishwa. Hata kabla sijazima gari nilijua nimefika kubaya. Pipa lilikuwa limepewa heshima ya mtu.

Mama Lemayian alitoka akiinama mlangoni, mwembamba, shanga shingoni, macho mekundu yanachuruzika machozi.

"Takwenya," akanisalimia.

"Iko," nikamjibu, kwa Kimaasai changu cha salamu tu.

Akafurahi, akanishika mikono yote miwili. Hakuniuliza nimetoka wapi wala nataka nini. Aliniambia niketi, akachota maji kwenye pipa, akaingia ndani kuwasha moto. Mimi nikazunguka pipa. Lilisuguliwa vizuri, likanukia Omo, lakini chini kabisa, karatasi ya alama ilikuwa haijabanduka yote. Nusu ya fuvu la kichwa bado ilikuwa inanitazama. Zizini ndama mmoja alikuwa amelala ubavu, mate yanamtoka, miguu inatetemeka.

Chai ililetwa kwenye kikombe cha bati, nyeupe kwa maziwa, sukari imejaa. Jamani, tangu msiba sijawahi kupikiwa chai na mtu katika nyumba yake, nikiwa nimekaa tu. Harufu yake ilinitoa machozi. Na sikuweza kuinywa.

"Mama, niwie radhi. Sitakunywa."

Akanitazama. Kwetu Bungoma ukikataa chai ya mtu umemwita mchawi, na kwa Wamaasai si tofauti.

"Kwani chai yangu iko na nini?"

"Si chai, mama. Ni maji. Hii pipa ilikuwa na dawa ya sumu. Kuosha haitoi, imeingia ndani ya plastiki yenyewe. Huyo ndama, alikunywa maji ya wapi?"

"Ya pipa. Wakubwa wanaenda silanga, ile bwawa ya mvua, wadogo nawapatia hapa."

"Na wewe? Kichwa inauma? Macho?"

Akaketi kwenye kigoda, akalitazama pipa muda mrefu.

"Hii ililetwa na mtoto yangu," akasema mwishowe. "Ameenda Kitengela, hajarudi. Miaka inaisha. Hakuna kitu ametuma, hata shuka. Halafu anatuma hii. Watu wote walikuja kuona. Wewe unataka kuchukua?"

"Nataka kuitoboa, mama."

"Basi toboa mimi kwanza."

Ningeweza kumsomea sheria, lakini sheria ingemsaidia nini? Nilimwambia tu ukweli wangu: kwamba koti la mzee wangu bado linaning'inia nyuma ya mlango, na mtu akija kuniambia lina sumu, sijui kama ningemfungulia. Aliniuliza mzee alikufa na nini. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema "pole" kwa namna ambayo watu wa mjini wamesahau, akaiacha ikae.

Halafu ndama akajikunja na kulia. Mama akainuka, akaenda mwenyewe, akakitoa kikombe na lile shuka jekundu, akalikunja shuka vizuri.

"Fanya haraka," akasema.

Tulichimba shimo mbali na boma, tukapokezana sururu, tukamwaga maji huko, tukafukia na kuweka miiba juu mbuzi wasisogee. Nilipopiga msumari kwa nyundo, sauti ilienda mbali. Mama alikuwa amenipa mgongo. Nilitoboa pande zote, zaidi ya inavyotakiwa, nikalipakia, nikamwachia jerikeni zangu mbili. Zilionekana ndogo sana pale kwenye kivuli.

Nilipotaka kuaga akanizuia. "Huwezi kutoka kwangu na mdomo mkavu. Nitaambia watu nini?" Akaingia ndani, akatoka na kibuyu. "Hii haijui maji. Tangu itengenezwe haijaoshwa na maji hata siku moja." Nilikumbuka: kibuyu cha maziwa kwao husuguliwa ndani kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, hakiguswi na maji. Na ng'ombe wa maziwa walikuwa wakinywa silanga. Nikapokea. Yalikuwa maziwa mala yenye ladha ya moshi, nami niliyanywa yote mbele yake, akinitazama mpaka tone la mwisho.

Nilimwomba apande gari akaonyeshe yale macho, na alasiri nikamshusha kwenye zahanati ya Bisil, wakampa dawa, jirani yake akaahidi kumrudisha kwa pikipiki. Kabla hatujaachana aliweka namba yangu kwenye simu yake, yake nikaiandika kwenye daftari, kisha akanivuta mkono.

"Ukiona Lemayian, usimwambie umetoboa. Mwambie mama anasema maji ni tamu."

Njia yote ya kurudi, pipa lilikuwa linagonga nyuma na maneno hayo yananigonga mbele. Nikimdanganya kijana, mama anabaki na furaha yake. Lakini kijana aliyesifiwa pipa moja atatuma la pili.

Jumatatu nilikaa pale jalalani Kitengela, juu ya tairi kuukuu, nikasema kwa sauti kila aliyepita asikie kwamba nilimwona mama wa Lemayian. Akatokea nyuma ya mafurushi ya chupa, kijana mrefu, mikono imechubuka.

"Madam, mama yuko aje?"

Nilimwambia yote: ndama, macho, nyundo. Nikamwambia pia nilichotumwa kusema. Akajifunika uso kwa fulana.

"Nilisema nikienda nyumbani mikono mitupu watanicheka," akasema. "Nikaona hiyo pipa ni kitu ya maana. Sasa nitaendaje?"

"Enda hivyo hivyo na mikono mitupu. Kuna maji ya kuchota."

Kisha nikaandika maelezo yake juu ya mwenye lori, kwa sababu kazi ni kazi. Nikarudi nyumbani, nikachemsha chai ya mtu mmoja.

Alhamisi jioni nilikuwa nachambua sukuma wiki simu ikalia, namba nisiyoikumbuka. Nikasikia sauti ya Mama Lemayian.

"Ulimwambia," akasema.

"Nilimwambia, mama."

Kwa mbali nilisikia ng'ombe, na mwanamume akiita "Yeyo!", vile Wamaasai humwita mama.

"Ndama alikufa," akasema. "Lemayian amefika jana. Amekuja na nguo ya mwili tu. Ameenda silanga, amerudi, ameenda tena. Na wewe? Ile siku, hukunipigia. Nilingoja. Ulifika?"

Nimezunguka kaunti hii kufuata takataka, na nilidhani nimejifunza kutambua kinachodhuru. Cha kuponya nilikuwa nimekisahau, mpaka kikarudi kwa swali lile lile lililokuwa likiniudhi. Niliweka kisu chini.

"Nilifika, mama," nikasema. "Nimefika."