Hoteli Niliyoichagua

Sebuleni kwa shangazi, Kilburn, nilimsomea kwa fahari maelezo ya hoteli niliyoichagua kwa likizo yangu ya Kosta Rika: ipo msituni, inatumia umeme wa jua, na wafanyakazi wake wanaheshimiwa.

Shangazi, ambaye husafisha vyumba vya hoteli hapa London, aliichukua simu akatazama picha ya kitanda. "Kumbe nao wanakunja taulo ziwe bata," alisema. "Bata wangu huanguka kifudifudi, msimamizi hunicheka. Na hoteli yetu, mwanangu, ungeichagua?"

Nilikuwa nimeishi kwake miaka miwili, nikiandika chuoni kuhusu haki za wafanyakazi. Nilifunua kinywa nimjibu, ndipo nikatambua kwa aibu kwamba hoteli yake sikuijua hata kwa jina.