Fundi wa Ndege za Mbao na Makopo Yaliyohamishwa

"Hiyo si kijani, shemeji. Ni kahawia, kama viatu vya askari."

Saa tatu asubuhi, mshonaji wa chumba cha pili amesimama mlangoni kwa fundi, cherehani ameiacha inamsubiri. Fundi hamwangalii. Kwa brashi nyembamba anamalizia ncha ya bawa, huku akimjibu kwamba sindano zimemchosha macho, aende akapumzike. Majirani wawili wenye ndoo za maji wanasimama kusikiliza. Ugomvi wa bure haupitwi hivi hivi.

Kinachogombaniwa ni ndege ya vita ya zamani, ya mbao, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Ina bawa juu na bawa chini, yameshikwa kwa vijiti na nyuzi. Mtaani wanaiita "ndege ya ghorofa", na kuna anayeuliza kama wapangaji wa juu wanalipa zaidi. Mwalimu wa historia ameiagiza aitundike darasani, ipakwe kijani juu na buluu ya mbingu tumboni.

Fundi ana miaka sitini na mitatu, na kwa miaka ishirini na minane amechonga ndege za kupamba maduka na maktaba za shule. Hii imemla wiki kumi na moja. Katikati ya wiki hizo alimzika mkewe.

Marehemu ndiye aliyechanganya rangi na kuyapanga makopo rafuni: kijani karibu na mlango, buluu katikati, kahawia mwisho. Watu walidhani ni unadhifu tu.

Mshonaji, rafiki wa marehemu tangu usichana, anaingia, anachukua kopo mezani na kusoma karatasi iliyobandikwa: kahawia. Kisha anaikagua rafu, kopo kwa kopo. Anapoongea, sauti imeshuka. Siku ya msiba rafu aliifuta yeye, ili chumba kipokee wageni. Makopo aliyarudisha kwa kimo, marefu nyuma, mafupi mbele, yapendeze.

"Kumbe ulikuwa unayajua kwa mkono," anasema. "Shemeji, tangu lini huoni?"

Fundi anaweka brashi chini. Ni mwaka wa tatu, anaeleza. Maumbo anayaona, ila maandishi madogo hayasomi tena na rangi zote zimekuwa udongo, na daktari alimwambia asitegemee nafuu. Wateja wakiuliza habari za rangi, mkewe alikuwa anadakia.

Mshonaji anamgeukia mwandishi wa makala hii, anaomba hilo lisiingie gazetini, kazi zitamkimbia fundi. Fundi anakataa.

"Andika tu. Aliyekuwa ananifichia hayupo."

Bawa la chini nalo lilipakwa kahawia hiyo hiyo, na sasa brashi haifiki huko bila kukata nyuzi zote thelathini na mbili. Anazikata kwa kuzipapasa. Kila mkasi unapolia, bawa la juu linatikisika kidogo. Majirani wa ndoo wameondoka bila kuaga.

Kesho atamwambia mwalimu ukweli na kumwomba siku kumi. Akikataliwa, anaacha kazi. Akikubaliwa, ataendelea kuchonga, maana vidole vyake bado vinaujua mti. Mshonaji ameahidi kufunga nyuzi na kumtajia rangi kila asubuhi.

Adhuhuri inaingia. Fundi anaondoa patasi na misumari kwenye kiti cha mkewe, anapangusa vumbi la mbao, anakisogeza mezani.

"Keti hapa, shemeji," anasema. "Chakula ni cha jana, lakini kinatutosha. Tule."