Kisigino cha Kushoto

Mimi ni mtu wa kujisikia, sifichi. Ndiyo maana ngoma yetu nusura iharibike duniani kote, na mharibifu nilikuwa mimi.

Ngoma yenyewe ni ya wanawake wa kijiji cha Simbo, ya kupura maharage. Mkono wa kulia unazungusha fimbo, huku kisigino cha kushoto kikikita chini mara mbili, kwa nguvu, hadi vumbi liinuke. Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha, na alikuwa akisema asiyekita kisigino hachezi, anapapasa. Alipofariki, kikundi chetu cha hapa mtaani Buzebazeba kikanikabidhi uongozi.

Siku tuliyorekodiwa video nilikuwa na funza kwenye kisigino hicho hicho. Mama mzima, mwenye nyumba ya saruji, funza! Ningemwambia nani? Nikacheza hivyo hivyo, nikigusa chini kwa vidole na kujirusha kidogo, tabasamu usoni. Video ikaingia mtandaoni, ikafika ambako nauli yangu haifiki. Watu wa nchi nisizozijua wakaanza kuicheza ngoma yetu, wote wanachechemea. Nami kimya. Wakiusifia ule mruko wangu, naitikia ahsante.

Hivyo hivyo mpaka binti mmoja mgeni kikundini aliponisimamisha katikati ya mazoezi, funza ameshatoka nami nakita kisigino kama zamani.

"Mama, samahani, hapo unakosea. Ule mguu haupigwi chini, unaelea. Cheki video."

Video yenyewe ni yangu! Nilitaka kumfukuza, halafu hasira ikanigeukia mwenyewe. Hata wenzangu wa zamani walikuwa wameshaanza kuruka, eti ndivyo dunia inavyotaka. Nikinyamaza mwaka mwingine, hatua ya shangazi imekwisha.

Mwezi uliofuata akaja mwalimu wa dansi kutoka Ubelgiji, mwanamke anayefundisha ngoma yetu huko kwao. Alinisalimu kwa kilugha chetu, "Mwakeye", vizuri kabisa, akavua viatu, akacheza mbele yetu uwanjani. Fimbo anaijua, mabega anayajua, shingo ndiyo usiseme. Na kuchechemea alinishinda hata mimi. Alipomaliza akaniuliza, kupitia kwa jirani yangu mwenye asili ya Kongo anayejua Kifaransa, ule mruko una maana gani. Wanafunzi wake wanaamini ni ndege anayeruka ziwani.

Watu wote walikuwa wananitazama.

"Mwambie ni funza," nikasema.

Jirani alinikodolea macho. "Dada, nimwambie kweli?"

"Mwambie. Funza wa kisigino, tena mkubwa."

Uwanja mzima ulicheka. Yule binti alijiangusha chini kabisa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini kabla hawajamaliza kucheka nikashika fimbo, nikakita kisigino. Mara mbili. Wacheke, ila watazame. Nikakita tena, vumbi likapanda hadi magotini. Wenzangu wa zamani wakaingia mmoja mmoja, na miguu yao ikakumbuka yenyewe. Sijawahi kucheza vile tangu nizaliwe. Furaha ilinijaa hadi nikapiga vigelegele peke yangu.

Mgeni wetu wa Ubelgiji hakucheka. Aliuliza kama ina maana amewafundisha watu makosa muda wote huo. Nikamjibu ndiyo, ila kosa ni langu. Akatoa simu, akapiga kwao kwa video. Wanafunzi wake walikuwa darasani muda ule, watu wazima wamejaa ukumbi wenye sakafu ya mbao. Akaelekeza simu kwenye mguu wangu, nikawaonyesha polepole. Wakajaribu. Sauti ilikuja imechelewa, hafifu, kama mvua inayoanza kudondoka kwenye bati.

"Hapana," nikawaambia. "Kisigino chote. Tena."

Jirani akatafsiri, na safari hii kishindo kilifika Buzebazeba.