Upande wa Nne wa Mashine ya Mpunga

Sisi wa zimamoto tuna kanuni moja ambayo niliwaimbia wenzangu mpaka wakanichoka: ukifika kwenye jengo lililotelekezwa, usianze kazi kabla hujalizunguka. Pande zote nne. Jengo tupu halistahili kumuua zimamoto, lakini utupu wake unauthibitisha kwa macho yako, si kwa kuambiwa na watu waliosimama barabarani. Nilikuwa mkali sana juu ya hilo. Aliyekatisha kona nilimsema mbele za watu.

Mchana ule tuliitwa Ipinda, ambako ndiko nyumbani kwangu. Mashine ya zamani ya kukoboa mpunga ilikuwa inaungua. Ilifungwa miaka mingi, mwenyewe alihama, na madirisha yalipigiliwa mbao na vipande vya bati. Ndani zilibaki pumba za kufika magotini, na pumba zikishika moto hufukuta kimyakimya, unakuja kushtuka paa limeshachoka. Tulipofika, moshi mzito ulikuwa unasukumana kutoka chini ya bati. Watu walijaa upande wa mbele wakituambia ndani hamna mtu, ni popo tu.

Nikawaacha wenzangu wanaandaa pampu, nikaanza kuzunguka. Upande wa kwanza, mlango na kufuli lenye kutu. Wa pili, mbao zote mahali pake. Wa tatu, hivyohivyo. Nilipofika kona ya mwisho nikamkuta mke wa mwanangu.

Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe wake hukwepana. Hatutazamani usoni, hatusemeshani, na tukikutana njiani mmoja anachepuka. Siku hizi vijana wengi wameiacha mila hiyo, na hakuna anayewauliza. Mimi niliing'ang'ania. Nilipenda kumwona binti wa watu akijifunika kanga na kuingia kwenye migomba kila nikipita. Nilisema ni heshima, kumbe ilikuwa raha ya kuogopwa.

Alikuwa ameshika ubao wa dirisha kwa mikono miwili, anauvuta. Aliponiona akauachia, akajifunika kanga kichwa kizima, akageukia ukuta. Mkono mmoja ukabaki nje ya kanga, umenyooka kuelekea dirishani. Niliuona mkono ule. Watu wamewahi kuniuliza kama moshi ulinizuia kuona, nami nikawaacha waamini hivyo, lakini niliuona vizuri kabisa.

Nikageuka nikarudi nilikotoka. Nilijiambia anaokota kuni. Nilijiambia pia kwamba nikikutwa nimesimama na mkwe wangu nyuma ya jengo, Ipinda nzima itanicheka.

"Vipi, afande?" dereva wa gari letu akaniuliza.

"Nimezunguka. Hamna mtu. Tunapiga maji kutokea nje, haingii mtu."

Baadaye niliambiwa mkwe wangu alivyohangaika. Kimila alitakiwa atafute mtu wa kunifikishia maneno yake, basi akamtuma jirani, mwanamke mwenzake. Mgambo wakamrudisha jirani nyuma pamoja na umati, wakidhani anataka kutazama. Akatuma wa pili, sauti yake ikamezwa na pampu. Na mimi nilikuwa nimesimama palepale, natoa amri.

Ndipo akaja mwenyewe. Kanga ilikuwa mabegani, kichwa wazi, viganja vinatoka damu kwa misumari. Akasimama mbele yangu na kunitazama machoni. Alikuwa ameolewa kwangu miaka sita, na siku hiyo ndiyo kwanza niliyaona macho yake.

"Tata, kuna mtu ndani. Kule nyuma. Ana homa, hawezi kuinuka."

Wanawake wakashika midomo. Walishangaa alivyonitazama kuliko walivyoushangaa moto.

Tulivaa mitungi ya hewa, tukaingia kwa dirisha lile mimi na dereva. Ule ubao ulikuwa na mwanya siku nyingi, na mkwe wangu alikuwa ameshaulegeza; nilipousukuma kwa goti ukang'oka. Kwenye msumari palikuwa na kikombe cha plastiki kinachoning'inia, kimeoshwa. Kila asubuhi mkwe wangu alikuwa anampitishia uji hapo mtu mmoja mbeba magunia wa sokoni, asiye na kwao. Tulimkuta chini ya dirisha, amejikokota mpaka hapo. Tulimtoa akiwa anapumua. Alifariki siku ya tatu hospitalini.

Katika taarifa niliandika kwamba nililizunguka jengo lote. Mkubwa wangu aliisoma, akanishika mkono, akasema tulifanya kazi kubwa. Nilimshukuru.

Nyumbani habari ikawa nyingine. Shangazi zangu walikaa, wakasema binti amevunja mwiko mbele ya umati, lazima alete kuku kumtuliza tata, yaani mimi baba mkwe wake. Niliyasikia yote nikiwa kitini, mlango uko wazi. Lilitakiwa neno moja tu kutoka kwangu, kwamba mwenye kosa ni mimi. Nikajifanya natafuta miwani.

Jumamosi akaja. Alikuwa amejifunika kanga kama zamani, vidole vimefungwa kitambaa. Akapiga magoti nje ya kizingiti, akaweka kuku wake chini. Mke wangu akampokea kwa niaba yangu. "Ndaga fijo, mwanangu," akamshukuru, nami nikakohoa kidogo ili ijulikane nimekubali.

Kuku akapikwa siku hiyohiyo, na mkwe wangu ndiye aliyempika, na vidole vyake vile. Firigisi nikawekewa mimi, kama anavyowekewa baba mwenye nyumba, juu ya wali. Nilimsikia jikoni, nyuma ya ukuta, akingoja sahani irudi.

Niliirudisha tupu.