Tangi la Nne Halijakabidhiwa

Mama mkubwa hali nyama yenye ngozi. Ukimwekea, huisukuma pembeni ya sahani kama kitu kilichomtukana. Miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye kiwanda cha ngozi, tangi la nne, akikwangua manyoya na mafuta kwenye ngozi zilizolowekwa chokaa. Mpaka leo hunusa vidole vyake kabla ya kula.

Binamu yangu, ambaye ukoo mzima tunamwita Picha, alipotafuta mtu wa kumwongoza ndani ya gofu la kiwanda hicho ili apige picha za maonyesho, mama mkubwa alikubali upesi mno. Akaja na ndoo mbili za maji, ufagio mgumu na kitambaa cheupe.

"Shangazi, tunakwenda kupiga picha, si kudeki," Picha akacheka.

"Wewe beba ndoo."

Uvundo ulitupokea sote watatu mlangoni. Popo walijaa darini, na kinyesi chao kilibonyea chini ya viatu kama uji ulioganda. Ndani ya tangi la kwanza panya aliyevimba alielea kwenye maji ya kijani.

"Mavi ya kale hayanuki," Picha akatania.

"Aliyesema hivyo hakufika hapa." Mama mkubwa akatema mate.

Kwenye tangi la nne Picha alipiga magoti kwa furaha. Sakafu ilikuwa na gamba jeusi, nene, lililoota manyoya.

"Hii ndiyo yenyewe! Nitaitundika ukutani, mita mbili!" Akapiga.

Mama mkubwa aliinamisha uso. "Hilo gamba ni langu," akasema.

Akatueleza. Hakuna aliyemaliza zamu bila kuosha sakafu na tangi lake. Aliyeingia zamu alipangusa ukingo kwa kitambaa cheupe. Kikitoka safi, zamu imepokelewa. Kikitoka na doa, unarudi kuosha, na wenzako wanakuita fisi wiki nzima. Lakini siku kiwanda kilipofungwa, walinzi waliwatoa katikati ya kazi, mabaki ya ngozi yakiwa bado chini.

"Miaka kumi na mmoja sijakabidhi. Leo unataka watu waje kuukodolea macho uchafu wangu?"

"Shangazi, uchafu ndio picha yenyewe."

"Basi kapige choo cha mama yako."

Akamwaga maji, akaanza kusugua. Gamba likalainika, na harufu ikafumuka mbichi, kana kwamba ng'ombe alichunwa asubuhi ile. Picha alikimbilia dirishani kutapika. Mimi kilichonichefua zaidi ni ile picha ndani ya kamera yake.

"Ifute," nikasema.

"Nani, wewe?" Hakuwahi kunisikia nikimwamuru mtu. "Unajua kuongea kumbe?"

"Ifute."

Akaifuta, akinung'unika, mbele ya macho yangu.

Tulisugua mpaka ndoo ya pili ikakauka. Mama mkubwa akanyoosha mgongo, akanipa kitambaa. "Haya, mwanangu. Wewe ndiye unayeingia zamu. Pima."

Nilipangusa ukingo nikiwa nimebana pumzi. Nilitamani kumwambia ni safi ili tuondoke. Nikakigeuza kitambaa kwenye mwanga: mstari wa kahawia, unaoteleza kama kamasi.

"Kina doa, mama."

Akakitazama, akakinusa, akakunja pua. Kisha, kwa mara ya kwanza siku ile, akacheka.

"Umeona sawasawa. Picha! Beba ndoo, kalete maji mengine."