Kamba Iliyopakwa Mawese

Kutoka Kalemie hadi Fizi nilipanda lori. Kutoka Fizi nilipanda pikipiki, na tulipoipita Salamabila pikipiki ikaanza kutupanda sisi, maana kila penye tope mimi na dereva tuliibeba mabegani. Nilikuwa ninaelekea Kasongo, ingawa huko hakuna aliyeningoja. Nimefika miji mingi kwa namna hiyo, nikiwa na begi moja na sababu ambayo huisahau njiani. Siku ya sita mnyororo ulikatika katika kijiji kimoja, baada ya Kabambare. Dereva alirudi kutafuta mwingine. Mimi nikakaa juu ya begi langu, mbele ya nyumba ya mwindaji.

Alitoka, akanitazama viganja kabla ya uso.

"Mugeni, unaweza kushika kamba?"

Ndivyo nilivyobaki, mwaka na zaidi.

Alikuwa anawinda kutoka juu ya miti. Mti wa msituni ukianza kuangusha matunda, alijenga ulingo mdogo kwenye matawi, akapanda alfajiri na kungoja mboloko, wale paa wadogo, waje kula chini yake. Kupanda kulihitaji watu wawili. Tulirusha jiwe lenye uzi juu ya tawi nene, tukavuta kamba kwa ule uzi. Ncha moja ilifungwa kiunoni mwake, nyingine ilizunguka mgongo wangu, nami nikaivuta kidogo kidogo kadiri alivyopanda. Akiteleza, uzito wangu ndio ungemzuia. Kazi hiyo ilikuwa ya kaka wa mke wake, lakini yeye alikuwa ameenda Salamabila kuchimba dhahabu.

Kila alipofika tawi jipya aliita bila kutazama chini, "Uko?"

"Niko."

Bila jibu hakusogeza mguu. Mwanzoni alinicheka. "Mutu na diplome yake, lakini anashika kamba kama anakamata nyoka!" Mke wake naye alinijazia sahani ya bugali. "Shemeji, kula. Ukiwa mwepesi hivi, akianguka yeye utapanda wewe."

Sijui kama walijua maneno hayo yalinifanya nini. Nilikuwa nimeishi miaka mingi bila mtu kuniuliza kama nipo.

Kosa langu lilianza kwa kutaka kusifiwa. Zamani, kandokando ya ziwa, nilifanya kazi ya kupaka rangi minara ya simu, na huko nilijifunza fundo moja. Unachukua kitanzi cha kamba nyembamba, unakizungusha mara tatu kwenye kamba nene, unakipitisha ndani yake chenyewe, kisha unakiunganisha na mkanda wa kiunoni. Ukikisukuma kwa mkono kinapanda. Ukining'inia juu yake kinauma kamba na hakishuki. Kamba nene unaifunga kwenye shina, na huhitaji mtu chini. Mvua moja tulipokuwa tumejikinga barazani nilimwonyesha. Alilijaribu kwenye boriti ya nyumba, akaning'inia, akacheka kama mtoto.

"Yaani ninaweza kwenda peke yangu?"

"Peke yako."

Nikasikia nilichosema baada ya kukisema.

Tangu siku ile hakuniamsha tena. Alinihurumia, akidhani ananipumzisha. Nilipalilia mihogo, nikaenda Kasongo sokoni kununua chumvi, nikakaa barazani nikisikiliza baiskeli zikipita. Mke wake bado alinijazia sahani, lakini utani ulikuwa umekwisha, kwa sababu hapakuwa tena na kazi ya kunitania nayo.

Kule kila kitu kinachokauka hupakwa mafuta ya mawese: vikapu, ngozi ya ngoma, kamba za msituni ambazo zisipopakwa hukatika. Baada ya mvua nyingi kamba ya nailoni ilikuwa imekakamaa, na mke wa mwindaji, kwa kumpenda mume wake, aliipaka jioni, urefu wote. Asubuhi nilipita karibu nayo ikiwa imetundikwa kwenye kuta za jiko. Ilikuwa inang'aa. Nikadhani ni umande. Sikuigusa. Haikuwa tena kamba yangu.

Fundo lile linaishi kwa msuguano. Juu ya mafuta haliumi kitu. Sikuwa nimemwambia, kwa kuwa kwenye minara hatukuwa na mawese. Wala sikuwa nimemwambia kwamba kila mara, kabla ya kupanda, unaning'inia kwanza kwa uzito wako wote ukiwa bado karibu na ardhi. Sisi msimamizi alitulazimisha. Mimi nilikuwa na haraka ya kushangiliwa.

Alipanda kwa kushika matawi, fundo likimfuata vizuri. Karibu na ulingo aliachia mikono ili apumzike juu ya mkanda, na akateleza juu ya kamba yote hadi kwenye mizizi. Viganja viliungua, mguu ukavunjika juu ya goti. Tulimkuta mchana, tukambeba kwa kipoyi, machela ya miti, hadi kituo cha afya. Njiani aliniambia kwamba alipokuwa amelala pale aliita "Uko?" mara nyingi, kisha akajionea haya.

Mke wake alilia, akasema, "Mimi njo nilipaka."

"Ulipaka kama unavyopaka zote," nikamwambia. "Mwenye kujua fundo nilikuwa mimi."

Siku nyingi hakunijazia sahani. Nilikuwa nimekubali kwamba mguu ule usipopona, nyumba ile itakuwa imevunjwa na mimi. Nililima shamba lao msimu mzima. Niliifua kamba kwa majivu na sabuni mtoni mara kadhaa, na bado ilinuka mawese, basi nikaikata vipande vya kufungia mbuzi. Ile mpya niliileta kutoka Kasongo.

Mguu uliunga, ukabaki mfupi kidogo. Kaka wa mke alirudi kutoka Salamabila alipopata habari. Asubuhi moja tulikwenda sote watatu hadi chini ya mti. Mwindaji alifunga fundo, akainua miguu yote miwili shubiri moja kutoka ardhini, akaning'inia hapo, akanitazama.

"Limeuma?" nikamwuliza.

"Limeuma. Na shemeji yangu atashika kamba ya pili."

Alitaka fundo na mtu, vyote viwili. Hilo alilijua bila mimi kulisema. Akaanza kupanda polepole, mguu mfupi ukitafuta pa kukanyaga.

"Uko?"

Nilifungua kinywa. Kaka wa mke, kamba mgongoni, akajibu kabla yangu.

"Niko!"

Mwindaji akasogeza mguu.

Begi langu nilikuwa nimelifunga tangu alfajiri. Nilisimama mpaka akakaa juu ya ulingo, kisha nikatembea hadi barabarani kungoja pikipiki ya kwanza, iwe inakwenda Kasongo au inarudi Kabambare.